Matone Matatu kwa Kila Mpira

Mjukuu wangu alinijia na kichupa cha mafuta ya cherehani, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto. Tulikuwa Buhongwa, nje kidogo ya Mwanza, nyumbani kwa binti yangu mkubwa, tunachapa kadi za harusi ya mdogo wake, na printa ilikuwa imegoma kuvuta karatasi. Ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza, na kadi zikabaki zimelala palepale kwenye trei.

"Babu," akasema, "tuitie mafuta?"

Nilimnyang'anya kile kichupa kwa nguvu hata kifuniko kikaruka, mafuta yakanimwagikia kiganjani. Mtoto akaangua kilio. Mama yake alitoka jikoni akiuliza kuna nini. Mtoto alikuwa hajakosa. Ni mimi niliyemfundisha kutia mafuta cherehani ya bibi yake, nami nilifundishwa hivyo na baba. Lakini ile harufu nyepesi, isiyofanana na harufu ya chakula chochote, ilikuwa imeshanirudisha Mirongo, kwenye chumba kimoja chenye dirisha la nondo, ambako nilifanya kosa ambalo sijawahi kulisema kwa mtu.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kinu hichohicho. Soko huria lilipofika na wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, kinu chetu kilipunguza watu, na wazazi wangu wote wawili wakarudi nyumbani mwezi mmoja. Nakumbuka siku hiyo kwa sababu walikuja pamoja, mchana, na sisi hatukuwa tumezoea kuwaona mchana. Baba aliweka sanduku la vifaa vyake chini ya kitanda. Mama alikaa jikoni akigongagonga vidole juu ya goti, kama anayeandika barua ambayo hakuna aliyemtuma.

Mama hakukaa sana. Kwa kiinua mgongo chake alinunua kompyuta iliyotumika na printa yake kutoka kwa mtu aliyeleta vitu vya Nairobi, akapanga chumba Mirongo, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: TUNACHAPA BARUA, MITIHANI, KADI. Watu walisimama mlangoni kutazama tu. Baba naye akafunga mzigo wake, akaifuata barabara ya Shinyanga kutafuta kazi kwenye vinu vipya vya binafsi, akawa anarudi mara moja kwa mwezi. Asubuhi aliyoondoka aliniita uani, akanipa chupa yake ndogo ya mafuta, ile yenye mdomo mrefu mwembamba.

"Maduhu, wewe sasa ndiye fundi wa nyumba hii. Kinachozunguka kinataka mafuta. Usisubiri kilie."

Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na mmoja. Nililichukua neno lile kama mtu anavyochukua funguo. Nikatia mafuta baiskeli, bawaba za mlango, cherehani ya mama, kapi la kisima cha jirani. Nilipomaliza nikaanza tena. Dada Leokadia alinicheka, akaacha kuniita kwa jina, akawa ananiita Fundi.

Dada Leokadia ndiye aliyekuwa akifanya kazi na mama pale dukani. Alikuwa msichana wa Ukerewe, mrefu, mwenye vidole virefu, aliyejifunza kupiga chapa kwa masista. Alikuwa anaishi Kirumba kwa shangazi yake. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyemlea, alitaka arudi kisiwani kuanika dagaa. Kila alipovuka kuja mjini alimletea samaki na ujumbe uleule. Mama alimwambia mbele yangu, "Leo, tukiipata kazi ya ile shule ya Bukoba, wewe ni wa hapa. Nitakwenda mwenyewe kwa mjomba wako kumwambia. Tukiikosa, mimi sina cha kukushikia." Leokadia alijibu, "Tutaipata, mama," akaendelea kupiga chapa bila kutazama vidole.

Kazi yenyewe ilikuwa mitihani ya shule ya sekondari. Mkuu wa shule alikuwa amekuja Mwanza kwa meli, akaacha maswali yaliyoandikwa kwa mkono, akasema atayafuata Jumamosi mchana, kwani meli ya kurudi Bukoba ilikuwa inaondoka jioni. Karatasi zilizidi mia mbili. Zikiwa safi na kwa wakati, alisema, kazi zote za shule zitakuwa zinakuja kwetu.

Ijumaa jioni mama na Leokadia walikwenda kununua rimu za karatasi, mimi wakaniachia ufunguo nifagie. Ulikuwa msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi. Kila asubuhi na kila jioni uliwazoa kwa kizoleo. Nilifagia sakafu, nikafuta meza, kisha nikasimama mbele ya printa. Kwa siku kadhaa ilikuwa inalia. Kila ilipovuta karatasi ilitoa sauti nyembamba, kama kifaranga aliyekanyagwa, na kila mara niliposikia nilijiuliza kwa nini mtu mzima kama mama hasikii. Baba alisema usisubiri kilie. Hii ilikuwa imeshalia wiki nzima.

Nikainua mfuniko. Ndani niliona mipira miwili myeusi, minene kama vidole gumba, imepangwa kwenye chuma kimoja. Niliizungusha kwa kidole. Ilizunguka. Basi hakukuwa na swali lingine. Nikatia matone matatu kwa kila mpira, nikaizungusha ili mafuta yaenee, nikafuta yaliyochuruzika kwa pindo la shati, nikafunga. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyetibu mgonjwa, nikapanga nisiseme, ili kesho wao wenyewe washangae jinsi ilivyotulia.

Na kweli, kesho yake ilitulia. Haikulia hata kidogo. Ilinguruma, mipira ikazunguka kimya, na karatasi haikusogea.

"Mbona haili?" mama akauliza.

"Labda unyevu, mama," alisema Leokadia. "Jana mvua ilitupiga njiani."

Walianza na karatasi. Leokadia alizishika rundo moja, akazipepea kwa kidole gumba kama mcheza karata, akazigonga mezani zikalingana, akazirudisha. Haikuvuta. Wakafungua rimu nyingine. Haikuvuta. Wakapunguza karatasi zikabaki kumi, zikabaki tano, ikabaki moja. Mama akanituma nyumbani mbio nikalete pasi ya mkaa. Nilirudi nayo ikiwa na moto, na mama yangu akatandika kanga juu ya meza, akapiga pasi karatasi nyeupe, moja baada ya nyingine, kama anapiga pasi sare za shule. Chumba kikanuka kama mkate. Karatasi zikawa kavu hadi zinalia zikiguswa. Printa haikuvuta.

Mzee Salumu, jirani aliyekuwa akiuza vipuri vya karabai, akachungulia dirishani.

"Mama Maduhu, mashine yenu imefunga leo?"

"Imefunga, Mzee Salumu."

"Basi iambieni ianze kula, mwezi wa Ramadhani bado haujaandama!"

Leokadia alicheka. Mama hakucheka, lakini alisema, "Itakula tu. Haijui mimi ni nani." Akafunga kitenge upya kiunoni. Nilimpenda sana mama yangu dakika ile. Nilimwona kama askari. Wala sikuhusisha yaliyokuwa yakitokea na kazi yangu ya jana. Akilini mwangu mimi nilikuwa nimeitibu mashine. Ugonjwa huu ulikuwa mwingine, umekuja usiku.

Wakaing'oa trei. Leokadia alipiga magoti, akamulika ndani kwa tochi, akatoa kwa kibano cha nywele kipande cha karatasi cha siku nyingi na wadudu watatu waliokauka. Wakashangilia. Wakarudisha trei, wakabonyeza kitufe. Mipira ikazunguka, karatasi ikalala. Saa nne ikapita.

Ndipo Leokadia akasema, polepole, "Mama, mipira inazunguka. Karatasi iko sawa. Basi haishikani." Akachukua kitambaa cheupe cha kufutia kioo, akakizungushia kidole, akaupangusa mpira mmoja. Kitambaa kikatoka na doa la hudhurungi, linang'aa.

Nililitambua lile doa kabla ya mtu yeyote kusema neno.

Mama alikichukua kitambaa. Akakipeleka puani, akakinusa mara moja. Halafu akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu, labda kwa kiasi cha mtu kumeza mate. Kisha akamgeukia Leokadia.

"Leo, asubuhi umekula nini?"

"Sato, mama. Wa kukaanga. Mjomba alileta jana."

"Ukanawa?"

"Nilinawa, mama."

"Kwa sabuni?"

Leokadia alitazama mikono yake, akaigeuza. "Kwa maji," alisema. "Sabuni ilikuwa imekwisha."

"Basi ndiyo haya."

Mama alikikunja kitambaa mara nne, akakitia ndani ya pochi yake, akaifunga zipu. Kwangu mimi mtoto maana yake ilikuwa moja: mama amedanganyika, na anaweka ushahidi wa kumwonyesha mjomba wa Leokadia. Niliogopa kwa ajili ya Leokadia na nikashukuru kwa ajili yangu, vyote kwa pamoja, nami sikujua kwamba moyo mmoja unaweza kufanya hivyo.

Nilikuwa na maneno matatu mdomoni: ni mimi, mama. Ninayakumbuka yalivyokaa kwenye ulimi. Nimesikia watu wakisema mtoto hajui. Mimi nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa Fundi wa nyumba, na nilijua nikisema nitaacha kuwa Fundi siku hiyohiyo.

Hawakukata tamaa. Leokadia alikwenda kunawa kwa sabuni ya Mzee Salumu, akanawa hadi kwenye viwiko. Mzee akatupa na spiriti, ile ya kuwashia karabai, na Leokadia akaipangusa mipira mara nyingi hadi vitambaa vikatoka vyeupe. Printa ikavuta karatasi moja, ikaipinda. Ya pili ikaiacha. Mafuta yalikuwa yameshaingia ndani ya mpira, ukalainika kama ndizi iliyoiva.

"Nitailisha kwa mkono," Leokadia akasema.

"Karatasi zaidi ya mia mbili?" mama akauliza.

"Nimeisikiliza, mama. Kabla haijavuta inabofya. Ikibofya tu, ukisukuma kidogo, inaikamata."

Akavuta kigoda, akakaa, akaweka vidole viwili juu ya ukingo wa karatasi. Akasubiri. Ikabofya. Akasukuma. Karatasi ikaingia, ikatoka upande wa pili na maswali yote ya Jiografia. Mama akapiga kigelegele kimoja kifupi. Kisha ya pili, ya tatu. Ilipopinda, alitoa, akaanza upya. Alipoona jasho kwenye vidole, aliinuka, akanawa kwa sabuni, akajikausha, akarudi. Hakula mchana huo. Mimi nilipanga karatasi zilizotoka, kwa somo na kwa kidato. Sikumbuki siku nyingine ambayo nimewaona watu wawili wakifanya kazi vile, bila maneno, hadi saa tisa na nusu, karatasi ya mwisho ilipotoka na mama akamwegemea Leokadia begani akisema, "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana." Ni shukrani ya Kisukuma, na mama alikuwa haitoi hovyo.

Mkuu wa shule akafika akiwa na haraka ya bandarini. Alipekua karatasi, akaridhika, kisha akainua moja kwenye mwanga. Pembeni kulikuwa na doa, dogo, kama la kidole. Akainua nyingine. Yalikuwa kama kumi hivi, zile za mwanzo.

"Mama, hiki ni nini? Hii ni mitihani au karatasi ya kufungia maandazi?"

Leokadia alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, vidole vimejikunja mapajani. Mama alisema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, "Ni huyu binti, mwalimu. Alishika mashine ametoka kula samaki. Tunamwondoa. Hutaliona tena jambo kama hili."

"Mkiwa na mtu wa namna hiyo kazi hamtapata," alisema yule mkuu.

"Nimesema tunamwondoa."

Ndivyo Leokadia alivyoondoka. Hakubishana. Alichukua bakuli lake na kitambaa chake cha kichwa, akasimama mlangoni, akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika karatasi za Hisabati.

"Haya, Fundi," alisema. "Mashine nakuachia."

Mwisho wa mwezi baba alirudi. Alikuwa amepata kibarua, akawa mchangamfu, akaanza kunifundisha tena. Nilimuuliza, kama mtu anayeuliza jambo la juujuu, kama mpira nao unatiwa mafuta. Alinishangaa. "Mpira? Mkanda wa kinu ukiutia mafuta utateleza, kazi isimame. Sikukwambia? Kinachozunguka kipe mafuta. Kinachoshika, usikiguse." Hakuwa ameniambia. Lakini nami sikumwambia kwa nini nauliza.

Kazi ya shule ile tuliipata. Mama aliagiza mipira mipya Nairobi, akaajiri msichana mwingine, na mitihani ya wengine ndiyo iliyonisomesha hadi kidato cha nne. Nimeishi maisha ya kawaida, nimefanya kazi, nimezaa, nimezika wazazi. Na kwa miaka mingi nilijua Leokadia yuko wapi. Hilo ndilo lililo baya zaidi. Mtu wa sokoni Kirumba aliniambia zamani: yuko Nansio, kisiwani kwao Ukerewe, ana kibanda, anauza dagaa. Kivuko kinaondoka kila siku. Sikukipanda.

Siku ile ya kichupa, nilimbembeleza mjukuu wangu hadi akanyamaza, nikamwambia nusu ya pili ya somo. Tukasafisha mipira ya printa kwa kitambaa cha maji, ikavuta. Kadi ya kwanza ilipotoka niliiandika mwenyewe: Bibi Leokadia. Kesho yake nikavuka.

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba yake, amenenepa kidogo, nywele nyeupe. Hakunitambua hadi niliposema, "Shikamoo dada. Ni Fundi." Akacheka, akaita wajukuu waje wamwone mtu wa Mwanza. Nilipomnyooshea kadi, alirudisha mikono nyuma. "Ngoja ninawe," alisema. Akaingia ndani, nikasikia maji, nikasikia sabuni ikidondoka ndani ya beseni. Alitoka amejikausha hadi katikati ya vidole, ndipo akaipokea kwa ncha za kucha.

"Mikono yangu mibaya kwa karatasi," alieleza, kama anayemweleza mgeni kuhusu mbwa wa nyumbani. "Tangu kwa mama yako sijagusa mashine. Masista walinitafutia kazi Sengerema, nikakataa. Nikasema nitawaharibia watu kazi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, sikujitetea kwa utoto. Alisikiliza akiitazama kadi.

"Mafuta gani?" aliuliza mwishowe.

"Ya cherehani."

"Mengi?"

"Matone matatu kwa kila mpira."

Akauliza, "Yananuka samaki?"

"Hapana. Hayanuki kabisa kama samaki."

"Na mama yako alikinusa kile kitambaa."

"Alikinusa."

"Mke wa fundi." Akatikisa kichwa polepole. "Alikiweka wapi?"

"Kwenye pochi," nikasema, na hapohapo, nikiwa mtu mwenye wajukuu, nikaelewa alichokuwa akificha mama yangu, na kwa nini alinitazama kwa kiasi cha mtu kumeza mate. Nilifungua mdomo nimwombee msamaha marehemu. Leokadia akainua kiganja.

"Acha. Yeye alikuwa mama yako. Alikuwa na mtoto mmoja tu mle chumbani, na hakuwa mimi." Kisha akasema, "Lakini wewe ulijua kuongea."

"Nilijua."

"Haya. Umeongea."

Akaagiza chakula. Wakaleta ugali na sato wa kukaanga, tukala kwa mikono, akinisogezea minofu ya mgongoni kama alivyokuwa akifanya zamani. Alizungumzia bei za dagaa na mvua. Honi ya kivuko ilipolia niliinuka kuaga, na mjukuu wake akaleta beseni la kunawa.

Leokadia alilisukuma beseni kando. Akaichukua kadi ya harusi, akaishika katikati kwa vidole vyote, vikiwa bado vinang'aa mafuta ya samaki, akakibonyeza kidole gumba pembeni ya jina lake, akakikandamiza. Alipokiinua, doa lilikuwa pale, kamili, na mistari yake yote.

"Hilo sasa," alisema, "ni la kwangu."